Tope la Punje na Kifo cha Ambakisye

Nilikuwa nimelala kifudifudi kwenye ukingo wa shimo, mkono mmoja umeshika kola ya shati la Ambakisye, na kola ikaanza kuchanika. Hicho ndicho ninachokikumbuka kwanza, mlio wa kitambaa. Alikuwa amepanda ngazi mpaka katikati akitafuta kutoka, halafu akajikunja juu ya kipago kama nguo iliyoanikwa. Nilimwita, hakuinua kichwa. Harufu ya mayai viza ilinipiga usoni mpaka machozi yakanitoka, kisha ikakatika ghafla, nami nikajisemea afadhali, hewa safi imeingia. Kumbe ilikuwa pua yangu iliyokufa. Kola ikaachia. Nikasikia maji yakimpokea kule chini. Nyuma yangu mashine ya hewa ilikuwa inanguruma vizuri kabisa, kwa sauti ile ile tuliyofundishwa kuiamini, na wazo langu la mwisho kabla giza halijanishika lilikuwa hilo: mbona mashine inafanya kazi.

Wanawake wa chumba cha kukatia sabuni walinivuta kwa miguu wakanilaza kwenye nyasi, mvua ikininyeshea. Mimi nilizindukia hospitali. Ambakisye hakuzinduka. Na tangu asubuhi ile sijanusa kitu tena. Watu wanatoka mbali kuja Kyela kununua mchele kwa sababu ya harufu yake, wanasema ukipikwa nyumba moja mtaa mzima unajua, na mimi niliyezaliwa katikati ya mashamba hayo ninautia mdomoni kama mtu anayekula pamba. Nikiunguza chungu, majirani ndio wananiambia.

Nisingeyaandika haya. Shule yangu iliishia darasa la nne, na kalamu naishika kama mwiko. Lakini mwezi uliopita Tupokigwe, binti wa Ambakisye, alikuja nyumbani kwangu kabla ya jua kupanda sana. Mwaka wa kifo cha baba yake alikuwa mtoto wa darasa la kwanza. Sasa ni mwanamke mzima, anasomea uuguzi. Nilikuwa ninapepeta mchele. Akanisalimia kwa heshima, “Mugonile, shangazi,” akachukua ungo mwingine akaanza kunisaidia. Nikajua ana jambo, kwa sababu alikuwa anatoa hata punje nzima akizitupa pamoja na mawe. Mwisho akasema kuna watu wamekuja kwao kwa ajili ya kumposa. Wazee wa upande wa mwanamume wameuliza habari za ukoo, kama ilivyo kawaida, na mmoja wao, aliyewahi kubeba magunia pale kiwandani, amesema baba wa binti alikufa kwa ulevi. Akaweka ungo chini. “Shangazi, ni kweli baba alikufa amelewa?”

Nilimjibu hapo hapo kwamba si kweli. Lakini niliona jibu langu halikumtosha, na sikumlaumu. Neno la ulevi liliandikwa na kusemwa na watu wenye viti na meza; langu lilikuwa la mwanamke anayepepeta mchele. Kwa hiyo ninaandika mwaka ule wote, kama nilivyouona, na majina nitayataja.

Kiwanda kilikuwa pembeni ya Ndandalo, ukitoka mjini. Mwenyewe alikuwa Bwana Twalibu, mfanyabiashara wa Mbugani, mtu wa asili ya pwani, mpole wa maneno, aliyeuza sabuni dukani muda mrefu kabla hajaanza kuipika. Mawese yapo tele huku kwetu. Sabuni ya mche inapikwa kwenye mapipa makubwa, mawese na kostiki, dawa kali inayochoma ngozi, na ikifika karibu kuiva wapishi wanamwaga chumvi, chumvi nyingi, magunia. Chumvi inaisukuma sabuni ipande juu iwe nzito, na chini yanabaki maji meusi yanayoteleza, yenye chumvi ya kuchoma ulimi na mafuta yaliyokataa kuwa sabuni. Hayo maji yalikuwa yanafunguliwa yaende mferejini, na mfereji unateremka kwenye mipunga ya watu kuelekea upande wa Mwaya. Ncha za mpunga zikaungua kama zimepitiwa na moto. Bata walitoka mferejini manyoya yamegandana, wanatembea kama wazee. Wakulima walikuja getini na majembe yao, wakakaa tu chini, hawakutukana mtu. Bwana Twalibu alitoka akawatazama, akarudi ndani, na baada ya muda mfupi akaletwa Mhandisi Rehema ayasafishe maji yale.

Tulitegemea mwanamume mwenye tumbo. Akashuka msichana mwembamba mwenye ushungi, mwenyeji wa Tanga, amepakata dumu la maji machafu kama mtu aliyepakata mtoto. Ndani ya dumu kulikuwa na tope, alilolichota kwenye bwawa la majitaka huko Mbeya. Meneja wetu, Efrahim Kasyupa, alimuuliza mbele ya watu kama ametoka mbali kote huko kutuletea kinyesi, na wapishi wakaangua kicheko. Rehema naye akacheka, akasema ndiyo, lakini hiki kina njaa.

Alihitaji watu wawili wa kukaa na tangi la kufugia tope hilo. Hakuna aliyetaka. Kasyupa akanitoa mimi chumba cha kukatia kwa sababu nilikuwa nimegombana na msimamizi, akamtoa Ambakisye kwenye mapipa kwa sababu alikuwa anaimba sana. Hivyo ndivyo nilivyokutana na Ambakisye, mtu mrefu, mabega mapana, sauti nzito ya kwaya, ambaye kila kitu kwake kilikuwa ni ng'ombe. Wenzangu wa sabuni walituita wachunga tope. Yeye akalipenda jina hilo. Kila asubuhi alipofungua kibanda cha tangi alilisalimia lile tope, “Mugonile,” kisha ananigeukia na kuniambia, dada, mifugo imelala salama.

Kibanda kile bado ninakiona. Mabati matatu ya paa, dirisha bila kioo, benchi, jiko la mkaa, na kwenye kizingiti cha dirisha chupa ya kioo ya kupimia. Ukuta mmoja ulikuwa wa tangi lenyewe, na ukiegemea mgongo unasikia maji yakitetemeka ndani. Tulikula hapo. Mke wa Ambakisye, ambaye sote tulimwita Mama Tupo, alituma wali na usipa wa kukaanga, dagaa wa ziwa letu, au ndizi zilizopikwa kwa karanga, na mimi nilileta chai ya tangawizi kwenye chupa. Rehema mwanzoni alikula peke yake, kwa adabu ya mgeni. Baadaye akawa ndiye wa kwanza kufunua sufuria. Alisema kwao wali una nazi na hapa hauhitaji kitu, harufu yake peke yake ni mchuzi. Nilimwonea fahari wali wetu kama nimeuzaa mimi.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Maji meusi kutoka kwenye mapipa yalikuja kwanza kwenye shimo la kupokea, lililochimbwa chini ya ardhi na kujengewa, urefu wa kumzidi mtu. Mafuta mazito yalielea tukayachota, yakarudi kwa wapishi. Yaliyobaki pampu iliyapandisha kwenye tangi, kwenye lile tope. Mashine ya hewa ikapuliza kutoka chini, tangi zima likachemka bila moto. Halafu hewa ya tangi inafungwa kwa koki kwa muda mfupi tu, mashine yenyewe haizimwi, tope litulie, maji ya juu yanafunguliwa, na mzunguko unaanza upya. Mwanzoni tope lilikuwa jepesi kama povu la maharage, halizami, na Rehema aliyafungua maji kabla halijatulia, likamwagika nusu nzima. Ambakisye alishtuka. Alisema mhandisi anaua ndama. Rehema akamweleza kwamba anawabakiza wale wanaojua kuzama. Wanaoelea waende zao. Wanaoshikana na kuwa wazito ndio watakaozaa.

Sikumwamini. Niliendelea kuchota kwenye chupa na kuweka dirishani kama nilivyoagizwa, na kila siku niliona tope tu. Halafu asubuhi moja, mvua imekatika na jua limeingia dirishani moja kwa moja, nikaweka chupa na kitu kikaanguka chini yake kama mtu amemwaga ulezi. Vipunje. Vya mviringo, vya rangi ya manjano kama maziwa ya mwanzo, kila kimoja kimekamilika, na maji juu yake yamebaki meupe kabla sijamaliza kuvuta pumzi. Nilimwita Ambakisye. Alikuja, akainama, akaitikisa chupa, vikapanda, vikashuka tena. Akavua kofia. Sisemi hivyo kwa kupamba. Alivua kofia yake akaishika kifuani, mtu mzima, mbele ya chupa ya majitaka. “Dada,” akasema, “nani amezifinyanga?”

Hakuna aliyezifinyanga. Hilo ndilo ambalo mpaka leo linanitoa jasho nikilifikiria. Rehema alituketisha akatueleza kwamba kila punje ni kijiji. Wale wanaotaka hewa wanaishi pembeni, kwenye ngozi, na wale wasioitaka wamejificha katikati, na taka anazozitupa mmoja ni chakula cha mwingine. Wadudu wadogo wasioonekana kwa macho, wasio na mkono wala akili, wameshikana kwa ute wao wenyewe wakajijengea nyumba ya mviringo, kwa sababu tu mtu aliwanyima nafasi ya kuelea. Tuliwapa chumvi kidogo kidogo. Leo hivi, wakizoea tunaongeza. Siku tukizidisha, punje zinavimba na kumeguka, maji yanatoka na ukungu, nasi tunarudi nyuma kama watu wanaomlisha mgonjwa uji. Halafu tukawapa mafuta. Mwanzoni mafuta yalizifunika zikaelea, Ambakisye akakosa raha hata ya kuimba. Baadaye zikayala. Mawese yaliyowashinda wapishi wenye moto na kostiki, yalikwisha tumboni mwa vitu vidogo kama ulezi.

Maji yaliyotoka upande wa pili ungeweza kusoma gazeti kupitia ndani yake. Chumvi ilibaki, hiyo punje haziwezi kuila, Rehema hakutudanganya, kwa hiyo hayakuachiwa yaende mashambani. Yalikusanywa kwenye bwawa lililotandikwa turubai na wapishi wakayatumia tena kwenye chumvi ya sabuni. Mferejini ikabaki mvua peke yake. Msimu uliofuata mpunga wa pembeni ulitoka kijani mpaka nchani, na mkulima mmoja, mwanamke aliyekuwa amekaa getini na jembe, alituletea mkungu wa ndizi. Alitaka kuziona hizo wanazosema zinakula mafuta. Nikamwonyesha chupa. Akaitazama muda mrefu, akasema “ndaga fijo,” na sikujua kama ananishukuru mimi au anazishukuru zenyewe. Nimeishi miaka mingi kabla ya mwaka ule na miaka mingi baada yake, na sijawahi tena kufanya kazi ambayo ilinifanya niamke kabla ya kuamshwa.

Sharti lilikuwa moja, na Rehema alilisema mpaka tukalisikia ndotoni. Hewa haizimwi. Bomba dogo la mashine ile ile lilipita pia kwenye shimo la kupokea, kwa sababu maji yenye mafuta na chumvi yakikaa bila hewa yanaoza, na yakioza yanatoa upepo unaoua. Nasi tulilazimika kushuka shimoni mara kwa mara, maana mapande ya sabuni yaliziba mdomo wa pampu. Kwa hiyo: mashine ikinguruma, shuka. Ikiwa ilizimwa, hata kama imewashwa tena, hakuna mtu kushuka. Funua shimo, subiri kesho yake, umwite yeye kwanza. Kasyupa alikuwepo akielezwa. Alisimama mlangoni mwa kibanda na kikombe chake cha kahawa, akaitikia kwa kichwa. Namkumbuka kwa sababu alisimama pale mwanga ulipokuwa unaingilia, na nikashindwa kuona chupa yangu.

Sasa huku kwetu, msiba ukiwa wa jirani hakuna kitu kinachopiga kelele. Mashine ya kukoboa inasimama, redio zinazimwa, hata mwenye mtoto anayelia anamtembeza mbali. Ukiacha mashine yako ikinguruma jirani amelala ndani, utakumbukwa kwa hilo mpaka siku yako nawe. Mapema mwaka ule alifariki bibi mmoja karibu na kiwanda, wazee wakaja kulalamika. Mapipa yalizimwa mara moja, lakini mashine ya hewa ikabaki inaunguruma. Kasyupa alitaka kuizima. Rehema akamwomba asubiri, akajifunga khanga, akachukua chupa ya dirishani akaenda kukaa mkekani na wanawake. Mimi nilienda naye kumtafsiria. Akamwonyesha mzee wa ukoo ule, Mzee Mwangoka, ambaye ukoo wake ndio uliokuwa na ardhi yote inayokizunguka kiwanda. Akamwambia hizi ziko hai, zikikosa hewa zitakufa, na sitaki msiba mwingine ndani ya msiba. Mzee aliishika chupa juu ya jua. Alikuwa mtu wa ng'ombe, kama Ambakisye. Akasema mnyama hafungwi pumzi kwa sababu mtu amekufa. Iacheni, ila ivisheni nguo. Tukapanga viroba vya pumba za mpunga kuizunguka mashine, ukuta mzima mpaka juu, tukaacha tu pa kuvutia hewa, na mlio ukafa kabla ya kufika kwenye migomba yao. Hivyo ndivyo tulivyofanya, kila mtu akaridhika, na ndivyo ilivyokuwa misiba yote iliyofuata.

Ndipo akafa Mzee Mwangoka mwenyewe. Msiba mkubwa, watu walitoka mpaka ng'ambo ya Malawi. Kiwanda kilifungwa siku zote za matanga, na wote tulihamia kule. Rehema alikuwa ameitwa Mbeya kwenye chuo chake. Mashine ya hewa ilibaki inaendeshwa kwenye viroba vyake, chini ya mlinzi, au ndivyo tulivyoachwa tukijua. Mimi nilikuwa nyuma ya migomba kwenye mafiga, nimepewa sufuria la wali ambalo watu wawili hawalibebi. Ambakisye alikuwa mmoja wa wachimba kaburi. Na kwa kuwa ninaandika ukweli, siku ya mazishi alikunywa kimpumu, pombe yetu ya ulezi, kama wanavyokunywa wachimbaji wote wanapotoka kwenye udongo. Hayo ni ya kwetu na hakuna aliyeyaficha. Wakati hotuba zinatolewa kaburini yeye alikuwa mtoni na wenzake akinawa, mimi nilikuwa kwenye moshi. Kwa hiyo hatukusikia, sisi wawili peke yetu katika umati ule ambao tungeelewa. Msemaji wa ukoo alisimama akawashukuru majirani, akafika kwa meneja. Akasema kiwanda kimetupa heshima ambayo hatukuitegemea, hata ile mashine isiyozimwa, leo imezimwa kwa ajili ya baba yetu. Watu wakaitikia. Kasyupa akainamisha kichwa kupokea shukrani.

Niliambiwa hayo nikiwa kitandani hospitali, na Mama Tupo, mjane, ambaye aliyasimulia kama habari nzuri tu ya mazishi, hajui anachonipa. Nilimwomba arudie. Nikamwomba arudie tena.

Kumbukeni, mlio ule haukufika msibani. Pumba zilikuwa zimeumaliza, na mwenye msiba mwenyewe akiwa hai ndiye aliyetoa ruhusa. Kuizima hakukumsaidia marehemu wala mfiwa yeyote. Kulimsaidia Efrahim Kasyupa apate cha kusema, kwa sababu alikuwa anakitaka kiwanja kilichobaki cha ukoo ule kwa ajili ya ghala, na baadaye alikipata. Mlinzi alikuja kuniambia kwa mdomo wake kwamba meneja alishusha swichi mwenyewe mara tu watu walipoondoka. Alipoulizwa na wakubwa, mlinzi huyo alisema hakumbuki. Ana watoto, simtaji.

Asubuhi ya kurudi kazini nilikutana na Ambakisye njiani. Mvua ndogo. Tukafika tukakuta Kasyupa ameshatangulia, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, na mashine inanguruma. Wapishi walikuwa wameacha mapipa yamejaa kabla ya msiba na walitaka kuyafungua ili waanze upya, lakini pampu ya shimo ilikuwa imeziba. Tulisimama mlangoni mwa kibanda, nikammiminia Ambakisye chai, akaimaliza akanirudishia kikombe. Alikuwa karibu yangu kama nilivyo karibu na karatasi hii. Pua yangu ilikuwa bado nzima. Ninajua alinuka nini, kwa sababu ni katika harufu za mwisho nilizopata duniani: sabuni ya mche, shati lililokaushiwa ndani, na tangawizi. Kimpumu cha mazishi kilikuwa kimeshalala na kuamka mara kadhaa. Hakukuwa na pombe kwa mtu yule.

Kasyupa akaja akamwambia ashuke achokoe pampu, wapishi wanasubiri. Ambakisye akalitazama shimo. Hakuwa mtu wa kubishana na wakubwa, lakini sharti la Rehema lilikuwa limemwingia. Akauliza kwa adabu, kofia mkononi, “Meneja, hewa ilikuwa inaenda siku zote tulizokuwa msibani?”

Kasyupa akaielekeza mashine kwa kikombe chake. “Kwani huisikii?”

Ambakisye akaisikia. Akashuka. Rehema alinieleza baadaye kwamba mlio huo huo ndio uliomuua: maji yaliyooza yalikuwa yameufumbata ule upepo ndani yake, yametulia, na hewa ilipoanza kuyachemsha ndipo yakautoa wote.

Rehema alirudi kutoka Mbeya akakuta kaburi. Alikuja kwangu hospitali, tukashikana mikono. Nilipoweza kutembea alinipeleka kibandani. Nilichota kwenye chupa, nikaweka dirishani. Punje zilikuwa nyeusi kama mbegu za papai, nyingi zimepasuka, na maji hayakutaka kutulia. Rehema akasema tope halifiki hapo kwa saa chache, na lenyewe haliwezi kusema uongo. Mkaguzi aliyeletwa na kiwanda hakufungua tangi. Alikaa ofisini na Kasyupa, akanywa soda, akatoka na neno kwamba marehemu alitoka msibani akiwa amelewa na akashuka shimoni bila kuagizwa. Bwana Twalibu alilisikia neno hilo. Nilimfuata dukani kwake Mbugani, nikamweleza kila kitu kuanzia kaburini mpaka kikombe. Alinisikiliza mpaka mwisho, akalia hata, mzee yule, akasema dada yangu Tusekile, Mungu atalipa. Halafu akahudumia mteja. Kwa hiyo na jina lake ninaliandika.

Rehema alitaka kuondoka. Akabaki, kwa sababu ya mifugo ya Ambakisye, alisema. Tuliwasha hewa, tukawapa maji matamu, hakuna chumvi, hakuna mafuta, uji wa mgonjwa. Wiki nyingi niliona tope jeusi tu, na kila asubuhi nilipofungua mlango nilisema “mugonile” kwa niaba yake, nikiona aibu. Halafu chini ya chupa nikaona chache, za rangi nyepesi, za mviringo. Zilikuwa zinarudi. Kutoka katikati ya zile zilizokufa, wale waliojificha ndani wakaanza kujenga tena. Nilikaa kwenye benchi nikalia kwa namna ambayo sikulia makaburini, na sijui mpaka leo kama nililia kwa furaha au kwa hasira, kwamba kitu kisicho na jina kiliweza kurudi na yeye hakuweza.

Zipo mpaka leo. Kiwanda kimekua, matangi ni mengi, na wageni wanaletwa kutazama. Kasyupa sasa ni mshirika wa Bwana Twalibu, na ndiye anayewaonyesha. Nimemwona kupitia uzio ameinua chupa juu ya jua, anawaeleza wageni wenye kofia nyeupe jinsi kila punje ilivyo kijiji. Maneno ya Rehema, mkono wa Mzee Mwangoka. Na punje zile ni vitukuu vya zile zile ambazo Ambakisye alizivulia kofia. Hakuna jina lake popote pale.

Basi Efrahim Kasyupa, sikuombi kitu kigumu. Heshima ya msiba ninaijua, na watu wote waliokuwa kaburini walisikia ukishukuriwa, usiseme hukuwepo. Wazee wanaomposa Tupokigwe wanarudi mwezi ujao, kwa mama yake, hapa hapa Ndandalo. Njoo. Utapewa kiti, na chai nitachemsha mimi. Ambakisye alikuuliza swali kwa adabu, kofia mkononi, akiwa na uhai wake wote, na wewe ukamjibu kwa swali. Bado linasubiri. Mjibu binti yake, mbele ya wazee hao: hewa ilikuwa inaenda siku zote tulizokuwa msibani?